Habari za John Akii-Bua kwa Wakimbiaji wa Nyika

Ni desturi katika kurasa hizi za Kiswahili nahodha wa mbio za nyika aandike habari za msimu: tulikimbia wapi, tukamshinda nani, tukashindwa na nani. Mwaka huu zamu ni yangu, na msimu wenyewe ungali mchanga, hata shindano moja hatujaenda. Basi sina ushindi wa kusimulia. Nitawaelezeni habari za mtu mwingine, John Akii-Bua, aliyefariki miaka mingi kabla sijazaliwa. Nitaeleza pia sababu ya kumchagua yeye, ingawa sababu hiyo hainipi sifa.

Kwanza mazoezi, maana humo ndimo jambo lilimoanzia.

Muhula wa kwanza huanza Februari, na Februari huku Arua ni kiangazi kikali. Nyasi zimekwisha kuchomwa, upepo hubeba majivu na vumbi, na ikifika saa nne jua halina urafiki na mtu. Kwa hiyo huamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya misa, tukatoka langoni na kuifuata barabara ya Koboko kuelekea kaskazini. Wanafunzi wa zamani wataikumbuka ikiwa ya udongo mwekundu. Siku hizi ni ya lami, na malori yaendayo Kongo na Sudan Kusini hupita kwa kishindo, kwa hiyo hatukai juu yake ila kidogo. Twageuka tukaingia vijia vya mashambani, katikati ya mihogo na miembe, twavuka vijito viwili ambavyo mwezi huu ni mchanga mtupu, kisha twaupanda mlima. Si mlima wa kutajwa katika ramani. Lakini mtu akiupanda mara sita bila kupumzika hatausahau.

Majuma matatu ya kwanza hakuna mbio za kasi hata kidogo. Mwalimu wetu wa michezo hutunyang'anya saa zetu, akaziweka mfukoni mwake. Twakimbia polepole, kilometa 8, halafu 10, halafu 12, tena lazima tuzungumze njiani ili ajue kwamba pumzi ipo. Asiyeweza kuzungumza amekwenda mbio kupita kiasi, naye huambiwa apunguze mwendo. Jumanne na Ijumaa ni siku za mlima. Jumapili twapumzika. Chakula ni posho na maharagwe kama wenzetu wote, ila tumeruhusiwa kikombe cha uji wa mtama tukirudi, na nadhani wako waliojiunga na timu kwa ajili ya uji huo. Wadogo hulalamika kwamba walikuja kukimbia, nao wanafanyishwa kazi ya punda. Mimi nililalamika vivyo hivyo nilipokuwa kidato cha pili.

Tena kwa wasioujua mchezo huu nieleze kwamba mbio za nyika si za mtu mmoja. Kila mkimbiaji hupata pointi sawa na nafasi aliyofika: wa kwanza pointi 1, wa ishirini pointi 20. Pointi za wakimbiaji kadhaa wa shule moja hujumlishwa, na shule yenye jumla iliyo ndogo ndiyo iliyoshinda. Shule yaweza kuwa na mtu wa kwanza na bado ikashindwa, kwa sababu mtu wake wa nne alifika wa sitini.

Sasa niliseme lile jambo. Mwaka huu alikuja kwetu mvulana wa kidato cha tatu kutoka upande wa Lira, Mlangi. Juma la kwanza alikuwa nyuma, jua letu likimsumbua. Juma la pili akanipita mlimani. Tulipanda mara sita, akanipita mara nne, wala hakutazama nyuma. Mimi ni nahodha, nina miaka 19, huu ni mwaka wangu wa mwisho, nami natoka Koboko, ambako tangu utoto niliambiwa kwamba nimejaliwa miguu. Jioni ile bwenini, wenzangu wawili watatu wa kwetu wakaanza maneno: kwamba Walangi walitutenda nini baada ya vita vya 1979, na leo huyu amekuja kututangulia katika barabara yetu wenyewe. Maneno mengine sitayaandika. Mvulana alikuwa kitanda cha tatu kutoka pale, akiyasikia yote. Neno langu moja lingetosha kuwanyamazisha. Nilijifanya nimelala.

Kesho yake hakuja mazoezini, wala kesho kutwa. Mwalimu akaniuliza kulikoni, nikajibu kwamba sijui, na huo ulikuwa uongo. Hakunigombeza. Alinipa kazi ya kutafuta habari za Akii-Bua, niziandike, nizisome mbele ya timu siku ya Ijumaa baada ya mlima. Nilidhani ni adhabu ya insha tu. Jina lenyewe nililijua kama jina la barabara mjini Kampala, na nilijua kwamba alishinda medali. Sikujua zaidi ya hapo.

Basi, John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako katika nchi ya Lango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa chifu wakati wa utawala wa Waingereza, mwenye wake 8 na watoto 43. (Katika nyumba kama hiyo mtoto anayechelewa kufika chakulani hujifunza kukimbia, lakini hayo ni mawazo yangu, si historia.) Hakukaa sana shuleni. Aliacha masomo angali kijana, akafanya kazi ya kupokea fedha katika baa ya ndugu yake, kisha akaenda Kampala akaandikwa askari wa polisi.

Msomaji asidhani kwamba kuingia polisi kulikuwa kuuacha mchezo. Katika miaka ile ya 60, mtu asiye na fedha angeupata mchezo wapi, kama si katika polisi, jeshi au magereza? Huko kulikuwa na mshahara, chakula cha kutosha, uwanja, na mkubwa wa kukuamsha asubuhi. Tena huko polisi alikuwako Jorem Ochana, aliyeiwakilisha Uganda katika mbio za kuruka viunzi kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Ochana ndiye aliyemwona huyu kijana mrefu akaanza kumfundisha.

Alianza na viunzi vya mita 110, ambavyo ni virefu na mbio zake ni fupi. Mwaka 1968 alitaka kwenda Olimpiki ya Mexico, hakufikia kiwango, akabaki nyumbani. Mwaka ule ule alikuja Uganda mwalimu wa riadha Mwingereza, Malcolm Arnold, naye ndiye aliyemwingiza katika mita 400 za viunzi.

Mbio hizo ni mzunguko mmoja kamili wa uwanja, wenye viunzi 10, kila kimoja kimo cha sentimita 91.4, na kati ya kimoja na kingine mita 35. Mtu hutoka kwa kasi kama ya mita 100, naye hana nafasi ya kupunguza, na viunzi vya mwisho humkuta miguu imekuwa mizito kama magogo. Hatua lazima zihesabiwe, maana ukifika kwenye kiunzi na mguu usio wako waanguka. Akii-Bua aliweza kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, na hiyo ilikuwa mali kubwa.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa nne. Wa nne hapati kitu. Mwaka 1971 alikimbia huko Marekani kwa sekunde 49.0, na hakuna mtu aliyekimbia upesi kuliko hivyo mwaka ule. Hata hivyo wataalamu wa Ulaya hawakumtia sana maanani, kwa kuwa alikuwa ameshindana mara chache tu na wakubwa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa ajili ya wale wadogo wa kazi ya punda. Akii-Bua alipojitayarisha kwa Olimpiki ya 1972 alivaa kizibao chenye risasi ndani yake, si risasi za bunduki bali madini ya risasi, uzito wa ratili 25, yaani zaidi ya kilo 11. Akiwa amevaa hicho alikimbia mita 1500, si 400, akiruka njiani viunzi vya inchi 42, ambavyo ni virefu kuliko vile vya mashindano yake. Akimaliza alirudia. Hakuna aliyepiga makofi. Mbio alizokuwa akijitayarishia zingechukua chini ya sekunde 50, na kwa ajili ya sekunde hizo alikwenda miezi mingi na mzigo kifuani.

Nilipoisoma sehemu hii siku ya Ijumaa, timu haikusadiki. Basi tukajaribu. Tulikwenda kwa mpishi tukaazima mizani na mfuko, tukapima mchanga kilo 11, ambao ni zaidi ya nusu ya mtungi wa maji wa lita 20, tukamfunga mgongoni kijana wa kidato cha tano aliye na nguvu kuliko sisi sote. Mlimani alifika nusu, akakaa chini. Wa pili alifika juu akitembea. Mimi nilikuwa wa tatu, na habari zangu sitazisema. Ndipo mwalimu alipotokea, akatukataza kabisa, kwa sababu magoti ya wavulana si magoti ya mtu mzima aliyezoezwa, na mzigo ule hauwekwi na mtu asiye na mwalimu karibu. Naandika hivi ili mdogo yeyote asiende kujaribu peke yake.

Lakini kulikuwa na mzigo mwingine, nao ndio ulionifanya nisimamishe kalamu mara ya kwanza. Mwezi wa Januari 1971 Jenerali Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote. Obote alikuwa Mlangi. Amin alikuwa mtu wa huku kwetu. Watu wa baba yake ni Wakakwa wa Koboko. Mwaka huo huo askari wengi wa Lango na Acholi waliuawa ndani ya makambi ya jeshi, kama vile Jinja na Mbarara. Wakati Akii-Bua anahesabu hatua zake kati ya viunzi, watu wa kabila lake walikuwa wakipotea. Kati ya ndugu zake pia wamo waliouawa katika miaka ya utawala ule. Naye alikuwa polisi wa serikali hiyo hiyo, na jezi aliyoivaa ilikuwa ya Uganda.

Tumefika Munich, tarehe 2 Septemba 1972. Katika fainali alipewa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji wa viunzi hawaipendi kwa sababu kona zake ni kali, na mtu mrefu hulazimika kujipinda. Mle ndani alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Alikuwamo pia Ralph Mann wa Marekani. Hemery alitoka kwa kasi kubwa, ikaonekana kwamba atashinda tena. Katika kona ya mwisho Akii-Bua alikuja kwa ndani, akamfikia, akampita, na walipoingia mita za mwisho alikuwa peke yake. Saa ilionyesha 47.82. Mann alikuwa wa pili kwa 48.51, na Hemery wa tatu kwa 48.52. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla ya siku hiyo. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki, na Mwafrika mweusi alikuwa hajapata kamwe kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio zilizo fupi kuliko mita 800.

Wengine wakishinda hulala chini. Yeye aliendelea kukimbia, akazunguka uwanja huku akiruka viunzi vilivyokuwapo na hata visivyokuwapo, na watu wakasimama kumshangilia. Nimeiona picha yake inayokwenda. Ni kama mtoto aliyefunguliwa mlango wa boma.

Siku tatu baadaye, tarehe 5 Septemba, watu wenye silaha waliwashambulia wanamichezo wa Israeli kijijini humo humo, na Waisraeli 11 wakafa. Ndiyo maana mtu akitaja Munich 1972, wengi hukumbuka hayo kabla ya Akii-Bua.

Aliporudi nyumbani alipokewa kwa heshima kubwa. Amin alimpandisha cheo katika polisi, akampa nyumba, na barabara ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1973 alishinda tena dhahabu katika Michezo ya Afrika huko Lagos. Ukiyatazama hayo kwa nje, mtu angesema kwamba amefika. Lakini nyumba ile ilikuwa na bei yake. Watu wa nje walipouliza kwa nini Walangi wanauawa, Amin aliweza kumwonyesha Akii-Bua kama ushahidi kwamba Mlangi anaweza kustawi Uganda. Fikirini hali hiyo. Akikataa nyumba, atakufa. Akiikubali, watu wa kwao watasema kwamba amekula pamoja na yule aliyewaua. Sidhani mtu wa miaka yetu anaweza kumhukumu, na nilipoandika mistari hii sikuona haraka ya kumhukumu mtu yeyote, mimi niliyeshindwa kusema neno moja bwenini bila hata kutishwa na askari.

Mwaka 1976 alijitayarisha kwenda Montreal kutetea dhahabu yake. Zaidi ya nchi 20, nyingi kati yake za Afrika, zilisusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi, na bado ikaruhusiwa kuingia Olimpiki. Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Kijana mpya wa Marekani, Edwin Moses, akashinda na kuivunja rekodi ya Akii-Bua. Kususia kulikuwa kwa haki, nadhani. Lakini mkimbiaji ana miaka michache tu ya miguu yake, na hiyo hairudishwi na mtu.

Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliiteka Kampala. Akii-Bua alikwisha kukimbia kwenda Kenya pamoja na familia yake, akihofu kwamba ataitwa mtu wa Amin. Yeye aliyekuwa na barabara yenye jina lake aliwekwa kambini pamoja na wakimbizi wengine. Huko mke wake alijifungua kabla ya wakati, na mtoto akafa.

Hapo kalamu ilisimama mara ya pili, na siku ile sikuandika tena. Mwaka 1980 askari wa serikali mpya, ambao wengi wao walikuwa Walangi na Waacholi, walikuja West Nile, na raia wasiokuwa na hatia waliuawa kwa kisasi cha mambo ya Amin. Watu kwa maelfu walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudan. Bibi yangu alivuka kutoka Koboko akiwa na mama yangu mgongoni, mtoto wa mwaka mmoja, na ndugu mkubwa wa mama yangu akimshika nguo. Walikaa huko ng'ambo miaka kadhaa. Alipovuka alikuwa na watoto wawili. Aliporudi alikuwa na mmoja. Bibi hasimulii habari hiyo. Husema tu kwamba mwembe ulioko kule ng'ambo kando ya njia ni wake. Tangu utoto nilidhani kwamba jambo la kuzika mtoto katika ardhi ya wageni lilitupata sisi, na kwamba Walangi ndio waliotufanyia. Sikuwa nimefikiri hata siku moja kwamba Mlangi pia angeweza kusimama katika kambi na kaburi dogo namna hiyo, tena kwa sababu ya vita vile vile.

Akii-Bua alitolewa kambini kwa msaada wa kampuni ya Puma, waliomtengenezea viatu vyake vya mbio, nao wakampa kazi Ujerumani. Mwaka 1980 aliikimbilia Uganda tena katika Olimpiki ya Moscow. Miaka 8 ilikuwa imepita tangu Munich, na hakufika fainali. Baadaye alirudi nyumbani, katika polisi ile ile, akawa mwalimu wa wakimbiaji. Hakuwa tajiri. Mke wake alitangulia kufariki. Yeye mwenyewe alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47, akaacha watoto 11, na serikali ikamzika kwa heshima ya taifa. Uganda ilingoja dhahabu nyingine ya Olimpiki hadi tarehe 12 Agosti 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni huko London. Ni karibu miaka 40 kamili.

Hayo ndiyo niliyoyasoma Ijumaa, tukiwa tumekaa juu ya mawe mlimani, jasho halijakauka. Kabla ya kuyasoma, siku ya Alhamisi, nilikwenda kumtafuta yule mvulana. Nilimkuta nyuma ya jiko akifua. Nilimwambia kwamba usiku ule sikuwa nimelala, na kwamba nilimdanganya mwalimu. Alikaa kimya akiendelea kufua, hata nikadhani kwamba hatajibu. Kisha akaniuliza kama uji bado unatolewa. Ijumaa alikuja.

Wale wenzangu wa bwenini hawakusema kitu nilipomaliza kusoma, na sitajifanya kwamba najua mioyo yao. Mmoja alikuwa wa kwanza kuuliza juu ya kizibao cha risasi, na ndivyo tulivyokwenda kwa mpishi. Mwingine ameacha kukimbia, naye husema ni kwa sababu ya mtihani.

Jumamosi iliyopita tulikimbia kilometa 8 za kuchagua timu, saa zetu zikiwa zimerudishwa. Mvulana wa Lira alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa wa tatu, na kijana wa kidato cha tano, yule wa mfuko wa mchanga, akaingia kati yetu. Mtu wetu wa nne ni mdogo wa kidato cha pili kutoka Koboko, mwepesi kama panya, ambaye kosa lake ni kuuvamia mlima kwa kasi akafa katikati. Mwalimu amempa yule Mlangi kazi ya kupanda pamoja naye kila Jumanne, bega kwa bega, na kumzuia asimpite mpaka wafike kwenye mti wa mwisho. Juma hili alifaulu kumzuia mara tano katika sita.

Mashindano yetu ya kwanza ni mwezi ujao. Tuna wakimbiaji wanane na viatu vya watu watano. Mwanafunzi wa zamani aliye na viatu vya mbio alivyokwisha kuvitumia, namba 40 mpaka 43, twamwomba avilete kwa mwalimu wa michezo, au amngoje alfajiri kando ya barabara ya Koboko. Twapita hapo kabla ya saa kumi na mbili, kila siku ila Jumapili.